Sifa Tatu Kabla ya Lalamiko

Palikuwa na nchi, na bado ipo, ambayo jina lake halitatajwa hapa. Si kwamba limesahaulika. Sheria ya kwanza ya nchi yenyewe inakataza kutaja majina penye lalamiko, na ingawa hadithi hii haina lalamiko lolote, ni vizuri mtu awe mwangalifu.

Katika nchi hiyo kila raia alikuwa kwenye kundi. Si kundi la siasa, Mungu apishie mbali. Kundi la kwenye simu. Kila mtaa ulikuwa na lake, na nje ya kundi mtu hakuwa mtu. Zamu ya daktari iligawiwa kundini. Unga wa bei nafuu ulitangazwa kundini. Hata aliyekufa hakuzikwa mpaka msiba wake utangazwe kundini na angalau nusu ya wanachama waweke ile picha ya viganja viwili vilivyobanana. Wapo marehemu waliolala mochwari wiki nzima kwa sababu mtandao ulikuwa unasumbua.

Na ndani ya kila kundi, bila kuruka hata moja, alikuwemo Mlezi wa Makundi Yote. Alikuwemo kwenye makundi ya mitaa, ya vikoba, ya wazazi wa darasa la kwanza, na ya maandalizi ya harusi ambazo hakualikwa. Picha yake ilimwonyesha amempakata mwanambuzi. Hakuwahi kuandika hata neno moja. Lakini alisoma. Kila mtu alijua kwamba zile alama mbili za pembeni ya ujumbe haziwi za buluu mpaka mwanachama wa mwisho awe amesoma, na kila siku, kwa kila ujumbe, zilikuwa za buluu.

Zamani, wazee wanasema, makundi hayo yalikuwa vurugu tupu. Mtu akiibiwa kuku aliandika, "Wewe mama fulani, mrudishe kuku wangu," na mama fulani alijibu kwa ujumbe mrefu wa sauti ambao watoto waliusikiliza mpaka wakaukariri. Mlezi, kwa upole wake, aliona raia wanaumizana kwa kutojua kulalamika kistaarabu. Ndipo ukatoka Mwongozo wa Adabu za Kunung'unika.

Mwongozo ulikuwa mwepesi. Mwenye lalamiko kuhusu mwanachama mwenzake asalimie kwanza. Kisha amsifu huyo anayemlalamikia, sifa tatu, zisipungue, kwa kuwa mtu aliyesifiwa kwanza haumii sana. Asimtaje jina. Halafu aweke lalamiko lenyewe, sentensi moja, maana taifa lina mambo mengi, na amalizie kwa kuomba radhi. Baada ya hapo hakuna ruhusa ya kuandika chochote mpaka mhusika mwenyewe aandike neno moja: "Nimejitambua." Hapo kundi zima humjibu "Tumekusamehe," na mlalamikaji na mlalamikiwa hupatanishwa ana kwa ana kwa chakula cha pamoja. Jua likizama bila mtu kujitambua, lalamiko limekosa mwenyewe, na lalamiko lililokosa mwenyewe hurudi kwa aliyeliandika.

Kufuta ujumbe hakukukatazwa. Ila ujumbe uliofutwa ulihesabiwa kuwa ulibeba tusi zito kuliko yote, kwa sababu kila msomaji alibaki huru kuwaza lake. Watu wengi, baada ya kuusoma Mwongozo mpaka mwisho, waligundua kwamba hawana malalamiko kabisa, na redio ikatangaza kwamba nchi imeshinda manung'uniko.

*

Sikudhani alikuwa dobi wa Mtaa wa Amani B, mwanamke wa mikono mikubwa na sauti ndogo. Hakuzaliwa na sauti ndogo. Ilipungua siku ile ya mumewe.

Mumewe, Pazi, alikuwa fundi baiskeli na mtu wa kucheka. Siku moja kundini liliwekwa tangazo kwamba barabara ya mtaa itakamilika mwaka ujao, kama lilivyowekwa mwaka uliotangulia, na chini yake, katikati ya viganja vyote, kikaonekana kikaragosi kimoja kinacheka mpaka machozi yanakitoka. Kilikuwa cha Pazi. Aliapa kwamba kidole kiliteleza, kilikuwa na grisi. Jioni yake walikuwa mkekani wanakula ugali na mlenda, yeye, mkewe na mama yake mzazi, Bi Mwavita, mara simu zote tatu zikalia pamoja. "Pazi ameondolewa kundini."

"Mbona nipo hapahapa?" Pazi akauliza, tonge mkononi.

Alisema kweli. Alikuwa hapohapo, na aliendelea kuwa hapo kwa muda wa kumeza lile tonge. Kisha mlango ukabishwa hodi, kwa adabu sana, na sauti nzuri ya kiume ikaomba radhi kwa kuwakatiza watu chakula.

Tangu siku hiyo wanawake wale wawili hawakulitaja jina lake, hata wakiwa peke yao chumbani. Walimwita "yule." Shati la yule, la buluu, Sikudhani alilifua kila alipofua ya wateja, akalianika nyuma ya mashati mengine na kulirudisha sandukuni. Bi Mwavita alimwona na hakuuliza kitu.

Sasa dobi anahitaji maji, na Mtaa wa Amani B ulikuwa na bomba lililokohoa tu. Lilikohoa asubuhi, likakohoa jioni, na katikati halikufanya lolote. Sababu ilijulikana na kila mtu. Mzee Mashimba, Msimamizi wa Kundi la Mtaa, alikuwa na pampu. Watu wakilala, pampu iliamka, ikavuta maji ya mtaa mzima na kuyapeleka uani kwake, ambako aliotesha ukoka wa kijani na katikati yake akajenga samaki wa saruji, mnene, anayetema maji juu saa zote. Wageni walipigwa picha naye. Sikudhani alishuka bondeni na ndoo, akapanda mlima na ndoo, na kwa maji yale akafua, pamoja na mengine, mashati ya Mzee Mashimba.

Angeendelea hivyo mpaka uzeeni, maana hofu ni mazoea kama mazoea mengine. Lakini asubuhi moja Bi Mwavita alitoroka na ndoo ili amsaidie mkwewe, akateleza kwenye utelezi wa bondeni, na akarudi akiburuta mguu, ndoo tupu, kanga imelowa tope mpaka kiunoni.

Sikudhani alimkalisha kwenye kigoda, akamkanda nyonga kwa maji ya vuguvugu yaliyobaki.

"Leo nanung'unika," akasema.

"Usinung'unike, mwanangu. Nimeanguka mwenyewe, hakunisukuma mtu."

"Nanung'unika kwa adabu, mama. Mwongozo unaruhusu."

"Mwongozo unaruhusu," Bi Mwavita akakubali, na uso wake ukawa wa majivu.

*

Salamu hazikuwa na taabu. Taabu ilikuwa sifa. Walikaa uani, simu katikati yao, wakatafuta sifa tatu za Mzee Mashimba.

"Ana mashati masafi," Bi Mwavita akajaribu.

"Hiyo ni sifa yangu, mama, si yake."

"Ana mwili."

"Mwili si sifa. Ataona namwambia amenenepa kwa maji yetu."

"Basi hajawahi kunitukana. Kwa mdomo."

Walikaa sana. Si kwamba walikuwa wagumu wa maneno. Ni kwamba kumsifu jirani kulikuwa kazi ya kigeni kwao. Sifa katika nchi ile zilikuwa na mahali pake. Kila asubuhi kabla ya habari, na kila mchana, na kila jioni, redio ilipiga kwaya, na kwaya iliimba sifa, na mtu aliyezaliwa humo alinyonya maneno hayo pamoja na maziwa. Kwa hiyo Sikudhani alipofumba macho na kutafuta maneno mazuri ya kumwambia binadamu, yalimjia yaliyokuwepo. Hakuona ajabu. Bi Mwavita aliposomewa naye hakuona ajabu. Alisema tu kwamba yamekaa vizuri na yana heshima.

Ujumbe ulikuwa hivi: "Salamu kwenu viongozi, wazee, akina mama, vijana. Kuna ndugu yetu mmoja humu, asiyelala ili sisi tulale, mwenye jicho lionalo gizani, chemchemi isiyokauka. Ndugu huyu kila usiku huvuta maji ya watu wote peke yake, sisi tukabaki na mabomba yanayokohoa. Naomba radhi kwa kuwasumbua."

Kila lalamiko lilipita kwanza kwa Msimamizi, ahesabu sifa. Mzee Mashimba alikuwa anakunywa chai. Alihesabu, moja, mbili, tatu, akaruhusu, akachovya mkate.

Sikudhani aliweka simu juu ya beseni lililopinduliwa akaanza kungoja. Alikuwa amejiandaa kwa hasira ya Mzee Mashimba, kwa kununiwa, hata kwa mashati kupelekwa kwa dobi mwingine. Kilichokuja kilikuwa kimya.

Kwanza alidhani ni kimya cha adabu. Kisha akasikia mashine ya kusaga ya jirani inazimwa katikati ya debe. Madirisha yakafungwa, moja baada ya jingine. Mama wa maandazi, ambaye kila siku hupita akipiga kelele, alipita na sinia kichwani, mdomo kaufunga, na alipofika usawa wa ua wa Sikudhani akausalimia ukuta wa upande wa pili. Alama mbili za pembeni ya ujumbe zilikuwa bado za kijivu.

"Mbona watu hivi?" Sikudhani akauliza. "Kwani nimekosea wapi?"

Ikafika saa ya habari. Redio ya Bi Mwavita ikakwaruza, kwaya ikaanza, sauti za akina mama kwanza, halafu za wanaume: asiyelala ili sisi tulale, eeh, mwenye jicho lionalo gizani, eeh, chemchemi isiyokauka, Mlezi wetu.

Hakuna aliyeizima. Walisikiliza mpaka mwisho, wakitazamana. Sikudhani akakaa chini palepale, juu ya nguo za watu.

"Mama," akasema. "Nimemwambia nani anaiba maji?"

Bi Mwavita akamziba mdomo kwa kiganja. Na pale juu ya beseni, alama mbili zikawa za buluu.

*

Mtu ukiogopa sana unawaza haraka. Sikudhani aliwaza kufuta, akakumbuka. Aliwaza kuandika kwamba hakumkusudia Mlezi, lakini kuandika hivyo ni kukiri kwamba Mlezi ameingia akilini mwa mtu katika habari ya wizi wa maji, na ni akili ya nani ingekuwa ya kwanza kuwaza hivyo? Aliwaza kukimbia. Lakini angekimbia na Bi Mwavita asiyeweza kutembea? Na kumwacha hakukumpitia akilini hata kidogo. Kulikuwa na mlango mmoja tu. Mzee Mashimba ajitambue kabla jua halijazama, yaishe.

Alimkuta uani kwake, amepiga magoti kwenye ukoka, anajaribu kumziba samaki wa saruji mdomo kwa fulana ya ndani, kwa woga amesahau kabisa kwamba pampu huzimwa. Samaki alikuwa anaitema. Shati la Mzee Mashimba lilikuwa limelowa chapachapa, na Sikudhani, kwa mazoea tu, akawaza kwamba hilo ni la kufuliwa kesho, kama kesho itakuwepo.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba. Usinikaribie."

"Nimekuja kukuomba. Jitambue, baba yangu. Neno moja tu. Watakusamehe, ndivyo ilivyo. Nitakufulia maisha yangu yote."

Mzee Mashimba akageuka. Sikudhani hakuwahi kumwona mtu mnene akiwa mdogo kiasi kile.

"Nijitambue?" akanong'ona. "Unataka niandike mbele ya Mlezi kwamba mimi ndiye asiyelala? Mimi ndiye mwenye jicho? Pampu ningekubali, dada. Wallahi pampu ningekubali. Ila zile sifa! Mtu anayejivika sifa zile wanamfanyaje, unajua?"

"Lakini mzee, si uliruhusu mwenyewe? Hukusoma?"

"Nilisoma sifa. Nikaona nzuri. Nikadhani ni mimi, nikafurahi. Lalamiko nani husoma?"

Samaki akaitema fulana mpaka miguuni pa Sikudhani. Aliiokota, akaikamua vizuri, akamrudishia.

"Mama yangu ameanguka bondeni," akasema. "Ndiyo maana niliandika. Nilitaka maji tu."

"Na mimi nilitaka samaki tu," akasema Mzee Mashimba, na akaanza kulia.

*

Afisa Adabu alifika mchana kwa gari jeupe. Aliitwa Bwana Kiyungi, mwembamba, suti ya kahawia, na aliongea kama mtu anayesoma risala hata anapoomba maji ya kunywa. Mtaa mzima uliitwa uani kwa Mzee Mashimba, kwa kuwa ndiko kulikuwa na nafasi na majani ya kukalia. Samaki alikuwa amefunikwa godoro. Chini ya godoro kulisikika kama mtu anasukutua.

"Ndugu wananchi," Bwana Kiyungi akaanza, "nasimama mbele yenu nikiwa na moyo mkunjufu, nikileta salamu za Idara, ambayo imepokea kwa masikitiko yenye matumaini taarifa ya kwamba katika mtaa huu tulivu lipo lalamiko ambalo, hadi ninavyozungumza, halijapata mwenyewe. Nani mlalamikaji?"

Sikudhani akasimama.

"Mama, ulimkusudia nani? Usijibu!" Bwana Kiyungi akarukia, mikono imekwenda masikioni. "Usimtaje! Kutaja ni kosa, na kusikia kuna adhabu yake. Nauliza ili iandikwe kwamba niliuliza."

Sikudhani alimtazama Mzee Mashimba, aliyekuwa amekaa juu ya godoro akilibana kwa uzito wake. Jina lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, silabi tatu tu. Lakini adhabu ya kutaja ilikuwa ya nyumba nzima, na katika nyumba yake alibaki Bi Mwavita, aliyeketi mbele kabisa kwa sababu ya mguu, akimtazama bila kupepesa. Akalimeza jina.

"Vema," akasema Bwana Kiyungi, na ilionekana wazi kwamba naye anatoka jasho. "Basi tunamwomba mhusika, kwa hiari yake na kwa uzalendo, ajitokeze. Nani kati yenu halali?"

Mtaa wote ukasimama na kurudi nyuma hatua moja.

"Mimi nalala sana, afande," akasema mwenye mashine ya kusaga. "Nalala mpaka mchana. Muulizeni mtu yeyote."

"Mimi sioni gizani," akasema mama wa maandazi. "Hata mchana naona kwa shida. Juzi nimemkanyaga mtoto."

"Mimi nimekauka!" akapiga kelele mzee mmoja wa pembeni. "Nimekauka kabisa, sina faida yoyote!"

Ikawa ni kushindana. Watu waliojulikana kwa bidii walijitangaza wavivu, na fundi wa saa, ambaye macho yake yalikuwa sifa ya mtaa, aligonga nguzo makusudi. Mzee Mashimba akainua mkono na kueleza kwa kirefu kwamba yeye hulala mara tu baada ya kula, hukoroma, na usiku kucha hajui kinachoendelea duniani. Mkewe akathibitisha mpaka namna anavyokoroma. Kwa njia hiyo mwizi wa maji alisafishwa mbele ya serikali, kwa ushahidi, na akapigiwa makofi.

Jua likashuka mpaka kwenye bati za nyumba za magharibi. Sikudhani hakusikia tena wanachosema. Alikuwa anautazama mwanga unavyopungua kwenye ukoka, na alikuwa anaogopa vibaya, na katikati ya woga ule aliona aibu ndogo kwamba ameacha nguo za watu zimerowekwa kwenye beseni na zitanuka.

Hapo simu zote za mtaa zikalia pamoja.

Hakuna aliyethubutu kutazama. Bwana Kiyungi ndiye aliyetoa yake, akaishika kwa mikono miwili, na midomo yake ikaanza kucheza. Alisoma mara ya kwanza kimya. Mara ya pili alipiga magoti.

"Amesema," akasema, na risala yote ikamtoka. "Jamani, amesema."

Pale chini ya ujumbe wa Sikudhani, karibu na ile picha ya mwanambuzi, palikuwa na neno moja. "Nimejitambua."

*

Makofi yalianza pole pole, kama watu wanaouliza, kisha yakawa ngurumo. Bwana Kiyungi alikuwa analia na kuhutubia kwa wakati mmoja. Ni kiongozi gani mwingine duniani, aliuliza, angesoma sifa na kuzitambua kuwa ni zake kwa unyenyekevu namna hii? Ni nani angebeba kosa la maji, akalifanya lake, ili Mtaa wa Amani B upate usingizi? Vidole vya mtaa mzima vikaandika "Tumekusamehe," halafu vikasita, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika kama Mlezi husamehewa, halafu vikaandika tena na viganja vitatu vya ziada.

Sikudhani alicheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, kikubwa, cha zamani, na Bi Mwavita alimshika mkono akacheka pia, nyonga inamuuma. Lalamiko limepata mwenyewe! Jua lilikuwa bado linaonekana. Mama wa maandazi alimkumbatia na kumwita dada. Mzee Mashimba alisimama kutoka kwenye godoro ili apige makofi vizuri, na samaki akalirusha godoro pembeni akatema maji juu mbele ya Afisa Adabu.

Bwana Kiyungi aliyatazama maji, akaufuata mpira wa maji kwa macho mpaka kwenye pampu, akaelewa, na akavua kofia.

"Basi hii ndiyo pampu yake," akasema kwa heshima. "Asiiguse mtu."

Na hakuna aliyeigusa. Mzee Mashimba mwenyewe ndiye aliyechomoa waya wa umeme, kwa ncha za vidole, akarudi nyuma akiinama.

Kisha Bwana Kiyungi akamgeukia Sikudhani, uso umejaa ukarimu. "Sasa, mama, imebaki ile hatua nzuri. Upatanisho."

"Upatanisho?"

"Mlalamikaji na aliyejitambua. Ana kwa ana, chakula cha pamoja. Mwongozo haubagui mtu. Gari liko tayari."

Kicheko cha Sikudhani kilikwenda kilikotoka. Alitazama lile gari jeupe, mlango wa nyuma umeshafunguliwa, na ndani yake kijana mwenye sauti nzuri ya kiume akimwomba radhi kwa haraka hii. Sauti ile aliijua. Aliwahi kuisikia mlangoni kwake, jioni ya tonge la mwisho la yule.

"Narudi lini?" akauliza.

"Mwongozo unaeleza namna ya kwenda," akajibu Bwana Kiyungi.

Bi Mwavita alikuwa ameshanyanyuka. Alivuka barabara akiburuta mguu, akaingia nyumbani kwao, na aliporudi alikuwa na lile shati la buluu, limekunjwa. Aliliweka mikononi mwa mkwewe na kuilaza mikono ile mikubwa juu yake, mmoja halafu wa pili. Sikudhani alielewa. Yule, popote alipo, ana shati moja tu.

"Zile nguo kwenye beseni, mama," akasema kwa sauti yake ndogo. "Zisuuzwe, zitanuka."

Simu zikalia kabla mlango wa gari haujafungwa. Watu walizitazama, halafu wakamtazama yeye aliyekaa mbele yao kitini, shati mapajani, halafu wakatazama ukoka. "Sikudhani ameondolewa kundini."

*

Jioni ile bomba la Mtaa wa Amani B lilikohoa, likakohoa tena, na likatoa maji.

Yalitoka ya kutu kwanza, kisha meupe, kisha kwa nguvu kiasi cha kurukia watu miguuni. Mtaa ulimiminika na ndoo, sufuria, mabeseni na birika. Kundini viganja vilikuwa vinapanda bila kukatika, kila mtu anamshukuru Mlezi kwa kuacha maji ya watu. Mzee Mashimba alipanga foleni mwishoni, na ndoo ndogo.

Bi Mwavita walimpisha mbele kwa ajili ya mguu wake. Alikuwa na ndoo tatu. Aliweka ya kwanza chini ya bomba, ikajaa, akaisogeza.

Akaweka ya pili. "Hii ya Sikudhani," akasema.

Hakupaza sauti, lakini foleni nzima ilisikia, na kelele zote zikakatika. Mama wa maandazi akaita, "Bibi, tafadhali, bibi." Ndoo ikajaa. Bi Mwavita akaisogeza kando ya ile ya kwanza, akachukua ya tatu, ya zamani, yenye alama za grisi ambazo sabuni haikuwahi kuzitoa, akaipangusa vumbi kwa upindo wa kanga.

"Na hii ya Pazi," akasema. "Mwanangu."

Watu walitazama chini. Wengine waliacha ndoo zao na kuondoka, wakitembea upesi bila kukimbia. Simu za mtaa zikalia pamoja, na ndani ya kanga ya Bi Mwavita, kiunoni, yake ikalia nazo.

Hakuitoa. Ndoo ilikuwa bado haijajaa.